Gunia la Mia kwa Mia

Barua ilisomwa na mume, kwa sababu yeye ndiye aliyejipa kazi ya kusoma barua zote katika nyumba ile, hata zisizomhusu. Aliisoma akiwa amesimama katikati ya sebule, miwani imeshuka puani, kwa sauti ileile aliyoitumia zamani kumjulisha mkubwa kwamba gari liko tayari. Idara ya Miti ilikuwa inamtaarifu mkewe, mzalishaji wa mbegu, kwamba Jumatatu saa nne asubuhi angefika afisa kupima mbegu zake za mgunga wa jangwani. Mbegu mia zingewekwa kwenye pamba yenye maji na kuangaliwa kwa siku kumi. Zikiota chini ya sitini, mkataba umekwisha, na nyumba namba saba irudishwe mikononi mwa idara kabla mwezi haujaisha.

"Irudishwe mikononi mwa nani?" aliuliza mama mzazi wa mume kutoka chumba cha nyuma. Bibi kizee hakuweza tena kutembea bila kushikwa, lakini masikio yake yalisikia hata kisichosemwa.

"Mwa idara, mama."

"Idara ina mikono?"

Mume aliikunja barua mara nne na kuitia mfuko wa shati, kana kwamba ikikaa mfukoni mwake itakuwa imemwandikia yeye. Miaka thelathini na mmoja alikuwa dereva wa idara ile. Alistaafu akapewa saa ya ukutani, na tangu hapo akimsalimia mgeni alijitambulisha kwa neno moja, "mstaafu", kama mtu anayetaja cheo. Mtaa ukampa jina hilohilo, naye akalipokea kwa furaha, hakuona mzaha.

Nyumba alikuwa anyang'anywe wiki aliyostaafu. Iliyomwokoa ni kanuni moja isiyosomwa na watu, kwamba mzalishaji wa mbegu mwenye mkataba anaweza kukaa katika nyumba ya idara, yeye na familia yake. Mzalishaji huyo alikuwa mkewe. Yaani mtu aliyewaendesha wakurugenzi sita alikuwa akilala chini ya paa la mwanamke anayechambua mbegu kutoka kwenye mavi ya mbuzi. Jambo hilo lilimkaa kooni. Majirani wakimuuliza imekuwaje bado yupo, alisema nyumba ameachiwa kwa heshima ya utumishi wake. Majirani waliitikia kwa vichwa, wakaenda kuchekea mbali.

"Sitini si nyingi," mkewe alisema. "Mwaka jana kwenye sahani yangu zilitoka themanini na mbili."

"Sahani yako si afisa," Mstaafu akamjibu.

* * *

Mtaa ulimwita Mama Samadi. Mbele yake walimwita Mama tu. Kila asubuhi alienda zizini kwa wafugaji, ng'ambo ya bonde kavu, na ndoo mbili na ungo. Pale aliinama nyuma ya mbuzi mia na hamsini wasio wake, akazoa kinyesi, akakianika, akakiponda taratibu na kukipepeta mpaka mbegu zikabaki, ndogo, za kahawia, ngumu kama kokoto.

Watu walidhani ni umaskini wa akili. Mbegu ziko juu ya mti, ndani ya maganda yaliyojisokota kama pete; kwa nini usizichume tu? Hakuwa na subira ya kumweleza kila mpita njia. Mbegu ya mgunga ina gamba lisilopitisha maji, na ikizikwa hivyo inaweza kulala miaka bila kushtuka. Zaidi ya hapo, ganda likidondoka tu, fukusi wameshataga ndani, na kabla ya msimu kwisha mbegu ni tundu na vumbi. Mbuzi ndiye anayetatua yote mawili. Anakula ganda likiwa jipya, tumbo linawaua fukusi na kulegeza lile gamba. Nyingine anazitema zizini akicheua, nyingine zinatoka kwa njia nyingine, na hiyo njia nyingine ndiyo iliyompa mwanamke huyu jina.

Alijifunza kwa baba yake, aliyekuwa mchungaji. Kwao mgunga haukuwa mapambo. Magome yake yalisokotwa kamba za vitanda na kutumika kulainishia ngozi, utomvu walitafuna na kupaka vidonda, miiba ikawa ua la zizi lisilopitwa na fisi. Na ulipokuwa mche usiozidi kidole juu ya ardhi, mzizi wake ulikuwa umeshateremka urefu wa mkono kuyafuata maji. Baba yake alikuwa akimwambia asiuhukumu kwa kinachoonekana.

Jioni, akimkanda mama mkwe miguu, alimsimulia habari za msitu. Miaka mitatu alikuwa amepeleka magunia idarani, na mbegu zake, hivyo ndivyo alivyoambiwa, zilisafirishwa mpaka nchi kavu, kule nyika isiyo na mvua, na kupandwa. Aliipigia hesabu ile miti. Ya kwanza sasa ingekuwa imefika kiunoni.

"Ina kivuli?" bibi kizee aliuliza.

"Bado, mama. Labda cha kuku."

"Kuku naye ni kiumbe."

Hiyo ndiyo fahari pekee aliyokuwa nayo, na hakumwonyesha mtu mwingine.

* * *

Jumamosi gunia lilikuwa limepungukiwa kilo moja. Mama Samadi akaenda zizini kulala huko kwa wafugaji ili aikamilishe, akamwachia mumewe maagizo mawili: mama apewe dawa kila baada ya chakula, na gunia lisiguswe.

Alirudi Jumapili adhuhuri. Kabla hajafika mlangoni alisikia harufu ya sabuni ya unga. Ndani, sebuleni, mashuka yote mawili ya nyumba yalikuwa yametandazwa sakafuni, na juu yake mbegu zake zote, kilo kumi na moja, zimetapakaa zikimeta kwa maji. Zilikuwa zimevimba mara mbili ya ukubwa wake, kama maharage yaliyokwisha kuiva. Mstaafu alikuwa amekaa kitini akizipepea kwa gazeti, uso umejaa ridhaa.

"Umefanya nini?"

"Karibu kwanza. Mtu hasalimii?"

"Mume wangu, umezifanya nini mbegu zangu?"

"Nimezisafisha." Akasimama, maana hotuba haitolewi ukiwa umekaa. "Kesho anakuja afisa wa serikali humu ndani. Mimi nilimwendesha bosi wa bosi wake. Unataka aingie akute nyumba inanuka zizi? Aseme, aha, kumbe yule mzee siku hizi anaishi hivi? Nimeziosha kwa sabuni, nikazichemsha. Sufuria nne, moja moja, saa nzima kila sufuria. Unadhani ni kazi ndogo?"

Mama Samadi akaweka ndoo chini. Akakaa palepale mlangoni.

"Umezichemsha saa nzima."

"Na usinitolee macho. Nimesoma." Akachukua kutoka juu ya redio kile kijikaratasi cha idara kilichokuja na mkataba, akagonga gonga mstari kwa kidole. "Hapa. Mbegu za mgunga zimwagiwe maji yaliyochemka. Wameandika wataalamu, sikuandika mimi. Mbuzi hajatajwa hata mara moja."

"Zimwagiwe. Maji yakiwa yameshaepuliwa. Halafu ziachwe zipoe humo humo mpaka asubuhi. Malizia mstari."

Mstaafu alitazama mstari, midomo ikicheza. Mtu mwingine angenyamaza hapo. Yeye alipandisha miwani na kusema, "Sasa kama maji ya moto kidogo yanafaa, ya moto zaidi si yanafaa zaidi? Ona zilivyovimba! Zako za mbuzi zilikuwa zinavimba hivi?"

"Umezipika," mkewe alisema. "Zimekufa. Zote."

"Zimekufa zinavimba?"

"Hata maiti huvimba," sauti ikatoka chumba cha nyuma. "Mwanangu, ulikuwa mjinga tangu mdogo, nikasema utaacha ukubwani. Na dawa yangu hukunipa."

Mama Samadi aliinuka akampa mama mkwe dawa yake, akamgeuza upande, akamfunika. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda na kushika tama. Ndooni alikuwa na kilo moja ya mbegu nzima, lakini mia za kupimwa zingechotwa guniani, na gunia lote lilikuwa sakafuni sebuleni, limepikwa. Alijaribu kufikiria wangehamia wapi mwisho wa mwezi na mgonjwa mgongoni. Ndugu zake walikuwa wachungaji waliolala chini ya turubai. Ndugu za mumewe walikuwa wengi wakati wa gari la idara, siku hizi hata simu hawapokei. Alitafuta mlango mmoja wa kubisha, hakuupata.

* * *

Afisa alifika saa sita badala ya saa nne. Alikuwa kijana mwenye viatu vilivyochongoka na faili jekundu kwapani, na alisimama kizingitini akinusa. Mstaafu alikuwa amevaa sare yake ya zamani. Vifungo viwili vya tumboni vilikataa kufunga, akavizuia kwa mkono kama mtu mwenye kichomi.

"Karibu, bwana mkubwa! Mimi ni mstaafu. Nilimwendesha mkurugenzi yule wa..."

"Mzalishaji ni nani?"

"Ni mimi," alisema Mama Samadi.

Afisa hakuketi. Alikataa chai, akakataa maji, akauliza mbegu ziko wapi. Zilipoletwa mbele yake, zimejaa na kunona juu ya shuka, uso wake ulifunguka kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Hizi zimeshaanza!"

"Zimeshaanza," Mstaafu aliitikia haraka.

"Nimepita vituo kumi na moja, kote naona kokoto. Mmetumia njia gani?"

"Njia ya kisasa." Hata haya hakuona. "Maji. Kama wataalamu walivyoelekeza."

Afisa akainama akahesabu mbegu mia kwa ncha ya kalamu, akazitenga, akazipiga picha kwa simu yake, halafu akampiga picha Mstaafu akiwa amesimama nyuma yake. Mama Samadi hakupigwa picha. Alikuwa amesimama pembeni na bunda la pamba mkononi, kwa sababu barua ilisema pamba.

"Afisa," alianza.

Mumewe akakohoa. Chumbani nyuma nako kukasikika kikohozi, cha kweli hicho, kirefu, cha kifua kilichochoka, na kitanda kikalia. Maneno yote aliyokuwa ameyapanga tangu alfajiri yakarudi chini. Akajidharau papo hapo, na bado hakuyasema.

"Zile siku kumi," akasema badala yake. "Barua ilisema zitawekwa kwenye pamba. Utarudi lini kuhesabu zilizoota?"

"Mama, nina vituo kumi na tisa na gari moja. Mbegu imevimba, maana yake imekunywa maji. Imekunywa maji, maana yake itaota. Tusisumbuane." Akaegemeza faili ukutani na kuandika, akisoma kwa sauti. "Uotaji, mia kwa mia. Haijawahi kutokea katika idara. Hongereni sana. Zikikauka, zileteni stoo. Nyumba endeleeni nayo."

Alipoondoka, Mstaafu aliachia vifungo, tumbo likatoka, akapumua kwa ushindi. "Umeona? Mimi ndiye niliyewaokoa. Ungebaki na mbuzi wako tungekuwa barabarani."

Mama Samadi aliokota mbegu moja kati ya zile mia, akaiminya kwa vidole viwili. Likatoka rojo la kijivu, akalipangusa kwenye ile sare, kifuani, palipokuwa na nembo ya idara.

* * *

Mbegu zilipokauka zilinywea, zikawa na mikunjo kama ngozi ya kidole kilichokaa majini. Mstaafu mwenyewe alilipeleka gunia, maana gunia la mia kwa mia halipelekwi na mwanamke. Akarudi na nakala ya ripoti, akaitia kwenye fremu iliyokuwa na picha ya harusi yao na kuitundika chini ya saa. Mwezi haukupita kabla mtaa mzima haujajua kwamba yule mzee ana kipaji cha mbegu. Jirani wa namba sita alileta mbegu zake za maua ili azichemshe. Alizichemsha. Hazikuota, akamwambia udongo wake una chumvi.

Mkewe hakubishana naye. Alikuwa amepata njia moja ya kuishi na uongo ule, nayo ilikuwa kuufanya uwe wa muda mfupi. Mvua zilikuwa miezi minne mbele. Kabla ya mvua hakuna anayepanda. Akikusanya kilo kumi na mbili nyingine, akazipeleka stoo na kubadilisha gunia kwa gunia, basi huko nchi kavu hakuna kitakachoharibika, na nyumba itakuwa yao kwa haki. Alirudi zizini. Msimu ulikuwa umeshapita kilele, maganda yamepungua, na palipokuwa na ndoo mbili kwa siku sasa palipatikana kopo. Mgongo ulimuuma mpaka akawa anapepeta amepiga magoti. Wafugaji walimcheka, kisha wakamhurumia, kisha wakaanza kumwekea mbegu alizotemewa usiku na mbuzi wao kwenye kipande cha turubai. Mbuzi walimsaidia kuliko mtu yeyote wa nyumba namba saba anayeweza kutembea.

"Na zile za kwanza?" mama mkwe alimuuliza jioni moja. "Zinajua kwamba hizi zinakuja?"

"Zipi, mama?"

"Za msitu."

"Zinajua," alisema, akaendelea kumkanda.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku kucha. Asubuhi aliloweka kopo moja kwa kujaribu, akapima zilizobaki, zikatimia kilo kumi na mbili na robo. Alifunga gunia kwa ukanda wa nguo yake ya bluu, fundo lilelile alilofunga kila mwaka, akajitwika na kutoka kabla mumewe hajaamka kumuuliza anakwenda wapi.

* * *

Stoo ya mbegu ilikuwa nyuma ya jengo la idara, chumba kirefu chenye dirisha moja. Mtunza stoo, mwanamke wa makamo, alikuwa akifuma kitambaa cha meza nyuma ya daftari kubwa. Hakuinua macho.

"Weka pale na wenzake."

"Sikuja kuweka, mwenzangu. Nimekuja kubadilisha. Lile tulilolileta lilikuwa na kasoro."

"Kubadilisha ni kutoa. Kutoa sina fomu. Weka tu."

Mama Samadi alipiga hatua ndani ili alitafute gunia lake. Macho yalipozoea kiza, aliona magunia yamepangwa ukutani kwa safu mpaka juu. Chini ya magunia ya watu wengine kulikuwa na vumbi jeupe, vichuguu vidogo vya unga wa fukusi. Katikati ya safu akaona ukanda wa bluu. Akaona mwingine. Akahesabu kwa kidole, kama mtoto: lile lililopikwa, la mwaka jana, la mwaka juzi, la mwaka ule wa kwanza alipokuwa hajui bado kufunga vizuri. Yote manne. Mafundo hayakuwa yameguswa.

"Haya yanafanya nini hapa?"

"Yakae wapi?"

"Si yalipandwa? Niliambiwa yalipandwa nchi kavu."

Mtunza stoo aliweka sindano chini, na kwa mara ya kwanza akamtazama, si kwa ubaya. "Dada yangu, mimi nina mwaka wa tisa hapa. Mbegu zinaingia, naandika kilo. Kilo zinakwenda kwenye ripoti. Ripoti inakwenda juu. Huko juu wakiuliza, wanauliza kilo. Hajawahi kuja mtu na jembe."

"Hata gunia moja?"

"Hata kikombe."

Mama Samadi akashika ukuta. Alitaka kulia, lakini kilichomjaa hakikuwa machozi, kilikuwa hasira, na ilimchukua muda kuitambua kwa sababu hakuwa na mazoea nayo. Miaka minne alikuwa ameinama. Alikuwa amemdanganya mgonjwa kwa nia njema, akamjengea msitu wa miti ifikayo kiunoni, na msitu wote ulikuwa hapa, umefungwa kwa utepe wake mwenyewe. Mbegu zake nzuri na zile zilizochemshwa kwa sabuni zilikuwa zimekaa bega kwa bega, na kazi iliyofanywa nazo ilikuwa ileile.

Alijitwika tena gunia jipya akatoka. Uani, mbele ya jengo, afisa wa viatu vilivyochongoka alikuwa anaruka madimbwi kuelekea mlangoni, faili lilelile kwapani.

"Afisa!"

"Aa, mama wa mia kwa mia! Mzee hajambo?"

"Zile mbegu zilichemshwa saa nzima kwa sabuni ya unga," alisema Mama Samadi, kwa sauti iliyofanya madirisha mawili yafunguke. "Zilikuwa zimekufa siku uliyoziona, nami nilijua, nikanyamaza. Andika."

Afisa akatazama madirisha, akamsogelea. "Mama, taratibu. Niandike nini?"

"Sifuri. Andika sifuri."

"Nikiandika sifuri, nyumba inaondoka."

"Andika."

"Na mimi je?" Sauti yake sasa ilikuwa ya mnong'ono, karibu ya kusihi. "Ile mia ilikwenda mpaka juu. Nimepewa cheti. Nikiandika sifuri wataniuliza siku kumi za pamba ziko wapi. Nenda nyumbani, mama yangu. Nyumba ni yako, hakuna anayeigusa. Mwakani lete hata mchanga. Kwani wewe unataka nini zaidi?"

Alimtazama kijana yule na kuona kwamba hana ubaya wowote ndani yake, wala wema. Hata ukweli aliomletea ulikuwa umekosa pa kuingizwa. Angeweza kurudi nyumbani sasa hivi, akae chini ya fremu, azeeke.

"Nataka ziote," alisema.

"Zioteshwe wapi?"

Mama Samadi aligeuka akautazama ua wa idara. Ulikuwa mpana, umelowa vizuri, umezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na hakuna jani lililoota ndani yake isipokuwa waridi mbili kwenye ndoo. Kando ya waridi palikuwa na jembe la mfagizi. Akalichukua. Akatembea mpaka katikati, penye kibao cha kuegesha gari la Mkurugenzi, akashusha gunia, akafungua fundo la bluu na kupiga jembe. Udongo ulikatika bila shida. Akatia mbegu tatu, kina cha kiungo cha kidole, akafukia.

"Mama! Hapo haparuhusiwi!"

"Huu haung'oki," alimwambia bila kuinua kichwa. "Utakuwa mdogo kama kidole, mtaucheka, na chini umeshashika. Miiba yake itatoboa tairi." Akapiga shimo la pili. "Nyumba kama mnaichukua, njooni muichukue. Lakini muandike kwamba mmeichukua kwa sababu nimepanda mti. Hilo nitaweza kumsomea mama mkwe wangu."

Madirisha yote yalikuwa yamefunguka. Afisa alifungua faili, akatoa kalamu, akaangalia safu za fomu moja baada ya nyingine, juu hadi chini, na hakuona pa kuandika mtu aliyepanda. Langoni gari jeusi la Mkurugenzi liliingia, likasimama mbele ya mwanamke yule, dereva akapiga honi.

Mama Samadi akashindilia udongo kwa kisigino. Honi ikapigwa tena, ndefu. Akasogea hatua moja, karibu zaidi na gari, akaanza shimo la tatu.